Uwanja gani una hela kwenye tovuti za kamisheni? Tuanze na mnunuzi, asilimia ije baadaye

Mtoa uzi (Moshi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila baada ya siku chache mtu anaingia humu na swali lile lile: nataka kufungua tovuti ya kamisheni, niandike kuhusu nini? Na anajibiwa yale yale: afya, fedha, mahusiano, teknolojia. Ndugu zangu, hakuna anayeweza kuondoka na jibu hilo akafungua kompyuta akaanza kazi. Nimeona tulizungumze kwa kina, na wenye uzoefu waongezee.

Kwa mgeni wa mambo haya, kazi yenyewe ni udalali. Unaandika makala, ndani yake unaweka kiungo chenye utambulisho wako, msomaji akibofya akanunua, duka linakukatia chako. Amazon wana mpango huo tangu 1996 na wengi wetu ndiko tunakoanzia.

Msimamo wangu ni huu: uwanja unaolipa ni ule ambao mnunuzi ameshaamua kutoa hela, kinachomkwamisha ni kutojua achukue kipi, na wewe jibu unalo kwa sababu kitu hicho umekishika, umekitumia, umeona kinavyoharibika. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana utaandika sana na kuvuna kidogo.

Nitatumia uwanja wangu ili tusiongee hewani. Nimefanya kazi ya kuongoza wageni Kilimanjaro, na tovuti yangu inahusu maandalizi ya kupanda mlima huo. Haihusu utalii kwa ujumla wala Tanzania nzima. Mlima mmoja tu, na mtu anayejiandaa kuupanda.

Sasa mtazameni msomaji wangu. Yuko Manchester au Denver, ameshalipia safari, mara nyingi dola 2,000 na kitu, na tiketi ya ndege anayo. Kampuni imemtumia orodha ya vifaa: begi la kulalia, taa ya kichwani, fimbo, viatu, glavu, chupa za maji. Nusu ya vitu hivyo hana. Mzigo wake atakaobebewa na mpagazi usizidi kilo 15, kwa hiyo hawezi kujinunulia tu chochote. Usiku anakaa anauliza Google begi la kulalia la nyuzi ngapi za baridi linatosha. Huyo mtu anataka kuambiwa "chukua hili", aende akalipe alale.

Na ninacho cha kumwambia ambacho mwandishi aliyekaa ofisini hana. Chukueni suala la maji. Wageni wengi huja na ule mfuko wa mgongoni wenye mpira wa kunyonyea, na siku za chini unafanya kazi vizuri kabisa. Usiku wa kileleni mnaondoka kambi ya Barafu, mita 4,673, kwenye saa sita za usiku, na baridi inashuka chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri bila shida. Maji yaliyobaki ndani ya mpira ndiyo yanaganda kwanza. Mgeni ananyonya, hakuna kitu, na Stella Point, pale kwenye ukingo wa kreta, bado iko masaa mbele. Kwa hiyo namwambia njoo na mfuko wako, ila beba pia chupa ngumu yenye mdomo mpana. Usiku ule ivishe soksi nzito na uibebe kichwa chini miguu juu, kwa sababu maji huanza kuganda upande wa juu. Ukiipindua, barafu itaanzia kwenye kitako na kizibo kitafunguka unapokihitaji. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani, hivyo chupa nzuri ni lazima anunue kwa vyovyote. Aya kama hiyo inauza chupa kuliko makala nzima ya "chupa 10 bora za mwaka", na msomaji akifika juu salama anakukumbuka.

Naendelea na hesabu chini.

Mtoa uzi (Moshi)

Hesabu sasa, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea.

Amazon ya Marekani kwa vifaa vya nje wanatoa asilimia 3, nguo na viatu asilimia 4. Begi la kulalia la dola 150 linakuachia dola 4.50. Viatu vya dola 160 vinakuachia dola 6.40. Kuki yao, yaani muda ambao duka linakumbuka kwamba mteja ametoka kwako, ni saa 24. Akiweka kitu kwenye kikapu ndani ya saa hizo unapata hadi siku 90 kwa kitu hicho. Na akinunua vitu vingine ambavyo hukuviandika kabisa ndani ya saa zile 24, vinahesabika kwako pia. Kwa mtu mwenye orodha ndefu ya vifaa, hilo ni jambo kubwa.

Upande wa pili kuna safari zenyewe. Viator, tovuti inayouza safari na matembezi, wanatoa asilimia 8 na kuki ya siku 30. Safari ya mlima ya dola 2,000 ni dola 160.

Tuseme, kwa mfano tu, makala zako zinasomwa na watu 3,000 kwa mwezi na mmoja kati ya watano anabofya. Hao ni 600. Kwenye vifaa, kama 5 kwa kila 100 wananunua, una manunuzi 30, na kwa wastani wa dola 5 unapata dola 150. Kwenye safari, kama mmoja kati ya 200 ananunua, una watu 3, dola 480. Mtu anaangalia hapo anasema basi achana na vifaa, andika safari tu.

Tulia kwanza. Mtu anayechagua safari ya Kilimanjaro hachagui kwa siku moja. Analinganisha kampuni, anaandika barua pepe, anamuuliza mke, anasubiri likizo kazini, halafu mwisho wa yote analipa moja kwa moja kwa kampuni iliyomjibu vizuri. Kuki yako ilishakufa zamani. Yule wa orodha ya vifaa ananunua usiku ule ule, na saa 24 zinamtosha. Kwa hiyo kabla ya kuitazama asilimia, pima muda wa kuki dhidi ya mwendo wa mnunuzi. Hili silioni likizungumzwa humu, na kwangu linatangulia mengine yote ya hesabu.

Lingine: hakikisha uwanja wako una walipaji zaidi ya mmoja. Aprili 2020 Amazon walipunguza viwango kwa mpigo. Samani na vifaa vya kutengenezea nyumba vilitoka asilimia 8 hadi 3, vyakula vikatoka 5 hadi 1. Mwenye tovuti ya samani alilala na kipato kimoja akaamka na chini ya nusu yake, wasomaji wakiwa wale wale. Kwenye maandalizi ya mlima nina maduka ya vifaa, nina wauza safari, nina hoteli za Moshi na Arusha, nina bima ya safari. Mmoja akikata, wengine wapo.

Na msimu. Wageni hupanda zaidi Januari hadi mwanzoni mwa Machi, kisha Juni hadi Oktoba. Makala ya kumnasa mtu wa Julai inatakiwa iwe imeshakaa Google miezi mingi kabla. Kama uwanja wako una msimu, panga uandishi wako kwa kuufuata.

Kahawa Chungu

Mkuu umeshusha nondo. Ila naona umeruka kitu. Mikeka na forex ndiko hela ilipo. Nina jamaa zangu wanavuta kamisheni kila mteja anapopoteza, mwezi kwa mwezi. Hizi dola 4 za begi la kulalia ni za kununulia vocha.

Mtoa uzi (Moshi)

Kahawa Chungu, nashukuru kwa kuleta hili, maana wengi wanalifikiria kimyakimya.

Umeandika mwenyewe: "kila mteja anapopoteza". Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya fedha ya Ulaya, ESMA, walitangaza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida kwenye biashara za aina ya CFD, yaani kubashiri bei itapanda au itashuka, forex ikiwemo, hupoteza hela. Hapo nazungumzia Ulaya, kwenye usimamizi mkali. Msomaji anayefika kwako kutoka Temeke au Kisumu na ada ya mtoto mkononi atakuwa kwenye hali gani? Mimi siwezi kuamka kila siku nikiombea aliyeniamini apoteze. Hata kwa hesabu tupu bila maadili, mteja wa namna hiyo hakurudii na hakusifii kwa mwenzake.

Pia kuna upande wa Google. Kurasa zinazogusa fedha na afya za watu wanazipima kwa ukali zaidi kuliko kurasa za mahema na sufuria. Agosti 2018 yalipokuja yale mabadiliko ya namna Google wanavyopanga matokeo, yaliyobatizwa jina la Medic, tovuti nyingi za afya zilishuka. Kijana asiye na taaluma ya fedha akifungua tovuti ya forex leo anashindana na benki, magazeti makubwa na kampuni zenye wanasheria. Dola 4 za begi ni ndogo, ila hazimlizi mtu.

Wa Nyali (Mombasa)

Ahsante ndugu yangu kwa mafunzo. Swali langu: vipi mtu akitaka kuandika kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wetu? Kila mtu anatwambia andikeni Kiingereza. Mie ni fundi wa sola, nafunga majumbani huku Pwani, na watu wananiuliza maswali kila uchao.

Mtoa uzi (Moshi)

Wa Nyali, hili ni swali zuri na nitalijibu bila kuficha.

Shida ya Kiswahili haiko kwa wasomaji. Wapo wengi na wana njaa ya maelezo mazuri. Shida ni namna tunavyonunua. Mtu anasoma kwako, anachukua namba ya duka, anapiga simu, wanapatana bei, analipa kwa M-Pesa au mzigo ukifika mlangoni. Hapo katikati hakuna kiungo wala kuki, na duka halijui kwamba mteja umempeleka wewe. Na maduka ya mtandaoni yenye mpango wa kamisheni ni machache. Huku Tanzania Jumia waliondoka Novemba 2019. Kwenu Kenya wapo, kwa hiyo mna nafasi ambayo sisi hatuna.

Wewe mwenye sola ningekushauri uache habari ya kiungo na urudi kwenye udalali wenyewe. Zungumza na wauzaji wawili watatu wa betri na inveta unaowaamini kwa kazi yako. Kila mmoja akupe neno lako maalumu. Mteja akilitaja anapata punguzo dogo, na wewe unapata chako mwisho wa mwezi. Muandikiane mkataba wa ukurasa mmoja. Punguzo ndilo linalomfanya mteja akumbuke kulitaja hilo neno, bila punguzo halitaji.

Na makala usiandike "faida za umeme wa jua". Andika lile swali unaloulizwa na mtu mwenye hela mfukoni: nina friji, televisheni na taa nane, ninunue betri ya ukubwa gani? Betri ya lithiamu ni ghali mara ngapi kuliko ya asidi, na inafidia lini? Chumvi ya bahari inafanya nini kwenye fremu na nati za paneli pale Nyali baada ya muda? Hilo la chumvi mtu wa Nairobi hawezi kuliandika kama wewe.

Mdadisi

Nina shaka mbili mkuu. Kwanza AI inaandika kila kitu, na Google yenyewe tangu Mei 2024 inaweka majibu ya AI juu ya matokeo kule Marekani. Nani atafika kwenye tovuti yako? Pili, hao wanaopima vitu kwa mikono nao wamepigwa. HouseFresh, wale wa mashine za kusafisha hewa, walieleza hadharani 2024 namna walivyozidiwa na magazeti makubwa kwenye Google wakati wao ndio wanapima mashine kweli.

Mtoa uzi (Moshi)

Mdadisi, hoja zote mbili ni za kweli na sitazipaka rangi.

Swali la "Kilimanjaro ina urefu gani" limekufa kwetu. Mtu anapewa mita 5,895 juu ya ukurasa na anaondoka. Makala zote za maelezo ya jumla ziko kwenye hatari hiyo, ndiyo maana nasisitiza swali la mtu anayenunua. Anayekwenda kutoa dola 150 anataka kuona picha ya begi lililolowa umande wa kambi ya Shira, zipu ilivyokwama, uzito kwenye mizani. Picha hizo mashine haina mpaka mtu azipige.

Tena Google wameongeza neno uzoefu kwenye mwongozo wa watu wanaowapimia ubora wa matokeo Desemba 2022, na Machi 2024 wakaweka sera dhidi ya kumwaga makala nyingi zisizo na maana, ziwe zimeandikwa na mashine au na binadamu. Je, wanatekeleza kwa haki? HouseFresh wanaonyesha kwamba si siku zote. Tovuti ndogo nyingi ziliumizwa na mabadiliko ya Septemba 2023, zikiwemo nzuri. Kwa hiyo ukichagua uwanja jiulize pia: msomaji wangu anaweza kunifikia kwa njia gani nyingine? Wapanda mlima wana makundi ya Facebook, wana Reddit, wanatazama YouTube. Nakusanya barua pepe zao kwa kuwapa orodha ya vifaa bure. Angalizo: soma masharti ya Amazon kuhusu viungo vyao ndani ya barua pepe kabla ya kuviweka; yangu mimi barua inampeleka msomaji kwenye makala kwanza.

Kabla ya kuanza, andika maswali kumi ya mnunuzi kwenye Google, moja moja, utazame ukurasa wa kwanza. Ukiona ni magazeti makubwa na maduka tu kwa yote kumi, hama au punguza upana. Ukiona majadiliano ya Reddit na blogu ndogo za watu binafsi, mlango uko wazi, maana Google hajapata jibu zuri zaidi ya hayo.

Kuna mfano huwa unanitia moyo. Wirecutter ilianzishwa 2011 na Brian Lam, kazi yao ni kupima vitu na kumwambia msomaji chukua hiki. The New York Times waliinunua 2016 kwa takriban dola milioni 30. Ni kamisheni hizi hizi tunazozungumzia.

Kahawa Chungu

Sawa mkuu nimekuelewa kwenye mikeka. Malipo je? PayPal huku inatuzingua.

Mtoa uzi (Moshi)

Kwa Tanzania PayPal kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia, kupokea hapana. Kenya wao wanatoa hela za PayPal kwenda M-Pesa tangu 2018. Sisi wengi tunatumia Payoneer, huduma ya kupokelea malipo kutoka nje. Angalia njia ya malipo ya kila mpango KABLA hujachagua uwanja, kwa sababu kuna mipango mizuri inayolipa kwa PayPal peke yake. Na Amazon wanakupa siku 180 za kupata mauzo matatu, la sivyo akaunti inafungwa, kwa hiyo usijisajili ukiwa na makala mbili. Usijinunulie kupitia kiungo chako mwenyewe. Na umwambie msomaji wazi kwamba unapata kamisheni. Ni sharti lao, na ni haki yake kujua.

Mama Cherehani (Mwanza)

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nimesoma uzi wote. Mimi ni fundi wa nguo, Kiingereza changu ni cha kuungaunga, na kitu pekee ninachokijua ni cherehani. Nimetumia za miguu, za umeme za nyumbani, na hizi kubwa za viwandani, na nazitengeneza mwenyewe zikigoma. Je, hapo kuna uwanja au nijiweke pembeni?

Mtoa uzi (Moshi)

Mama, marahaba. Usijiweke pembeni hata kidogo. Nimefurahi sana kuona swali lako.

Tulipime. Mnunuzi ameshaamua? Ndiyo, anayenunua cherehani ya kiwandani anataka kufanyia kazi. Amekwama kwenye kuchagua? Sana, anaogopa kununua mashine kubwa isiyolingana na kazi yake, au iliyotumika ikamfia. Wewe jibu unalo? Umeshalisema. Walipaji wako wangapi? Amazon, maduka ya cherehani na ya vitambaa huko nje. Tena akishanunua mashine anarudi kwa sindano, nyuzi, bobini, miguu ya kushonea, mafuta. Huyo mnunuzi wa kurudi mimi kwenye mlima sina, kwa sababu mtu hupanda mara moja. Hapo umenizidi.

Ila "cherehani" peke yake ni pana mno. Ungechukua mtu anayehama kutoka mashine ya nyumbani kwenda ya kiwandani. Ana maswali chungu nzima ambayo kwako ni ya kila siku. Sindano kwa mfano: ya mashine ya nyumbani shina lake lina upande mmoja bapa, ya kiwandani kama zile za Juki za mshono mnyoofu, aina ya DBx1, shina lake ni la mviringo. Mtu anaagiza pakiti nzima, inafika, haiingii au inakaa upande na mshono unaruka. Wewe unamwonyesha zote mbili kwenye kiganja, picha moja, na kiungo cha iliyo sahihi.

Kiingereza cha kuungaunga kisikutishe. Eleza kwa Kiswahili jinsi unavyomweleza mwanafunzi wako pale fremu, jirekodi kwa simu, halafu tafuta mtu wa kukuandikia kwa Kiingereza na mwingine wa kukagua. Kabla ya kuchapisha mtu akusomee kila sentensi kwa Kiswahili, uhakikishe hajaongeza kitu usichokisema. Ujuzi ni wako, lugha inatafutiwa mtu.

Anza na makala ya sindano. Piga picha mchana karibu na dirisha, si chini ya balbu, ili upande bapa uonekane. Ukimaliza iweke hapa hapa kwenye uzi, mimi na Mdadisi tutaisoma na kukuambia tulipokwama.